Mashine kwangu, televisheni kwa kakangu

Wahenga walinena kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Waliotujua mimi na kakangu walishika majembe mwaka wa 2021 na wakalima miaka mitatu mfululizo bila ya kuona dalili ya kapu. Kilichotupatanisha, msomaji, hakikuwa baraza la wazee wala kikao cha kanisa. Ni bunduki ya plastiki iliyokataa kuua bata.

Ilikuwa likizo ya Aprili mwaka wa 2024. Bila shaka unakumbuka mvua iliyonyesha mwezi ule. Shule zilikuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili, lakini kwa sababu ya mafuriko wanafunzi wakaambiwa wangoje hadi Mei 13. Mwanangu, wakati huo kidato cha pili, alikuwa amemaliza vitabu, amemaliza filamu, na sasa alikuwa akimaliza subira yangu. Nikamtuma avute masanduku yaliyokuwa chini ya kitanda aone kama maji yaliyopenya dirishani yameyafikia.

Alirudi na kijisanduku ambacho sikuwa nimekifungua tangu mazishi ya mama yangu.

"Mama, hii ni nini?"

Nilipoangalia, moyo ulinipasuka. Ilikuwa ile mashine yetu ya michezo ya televisheni, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai kwa uzee, pedi zake mbili zimefungwa kwa mpira, kaseti moja ya manjano, na bunduki.

Waliokulia mitaa ya Nairobi miaka ya tisini hawahitaji kuelezwa. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine yake iliyoitwa Famicom mwaka wa 1983. Zetu sisi zilikuwa nakala zake zilizotengenezwa na watu wengine kabisa, zikauzwa madukani kwa majina chungu nzima. Kaseti iliandikwa kwamba ina michezo 9,999. Ukihesabu ulipata kumi na kitu, iliyorudiwarudiwa hadi mwisho wa orodha. Lakini mmoja kati ya hiyo ulikuwa ule wa kuwinda bata, Duck Hunt, ambao Nintendo waliutoa mwaka wa 1984, na huo mmoja ulitutosha.

Baba aliinunua Krismasi ya mwaka wa 1996. Ilikuwa miaka ile ya kupunguza wafanyakazi wa serikali, naye, karani wa miaka kumi na minane, akawa miongoni mwa waliopewa barua. Alipochukua kitita chake cha kwenda nyumbani, alipitia Luthuli Avenue kabla ya kupanda matatu ya Umoja. Mama alimpokea mlangoni. Alipoona kilichomo katika mfuko hakusema lolote mpaka sisi watoto tulipolala, lakini kuta za nyumba zetu si nene.

"Umefutwa kazi, karo haijalipwa, nawe unaleta mchezo?"

"Nimewaletea sababu ya kukaa nyumbani jioni," Baba alijibu. "Huko nje sina uwezo nako tena."

Televisheni yetu ilikuwa Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi. Ulizungusha kitufe polepole hadi mchanga wa kijivu ukageuka kuwa bata. Kakangu, aliyenizidi miaka minne, alikuwa stadi wa kila mchezo ila huo. Kwa bunduki mimi nilikuwa simba. Baba aliketi nyuma yetu akihesabu: "Msichana, wanane. Mvulana, watano." Kakangu alidai kwamba mimi huegemea mbele mno. Ni kweli, niliegemea.

Baba alifariki mwaka wa 1999. Miaka miwili baadaye kakangu aliajiriwa, na kwa mshahara wake wa kwanza akamnunulia Mama televisheni ya rangi, inchi 21. Siku hiyo ndipo tulipojua kwamba mbingu ya bata ni samawati na yule mbwa anayewacheka wawindaji wabovu ni wa kahawia. Mama alicheka hadi akafuta machozi. "Kumbe mlikuwa mkiwinda usiku!" alisema.

Mama alipotuacha mwaka wa 2021, tulikutana Umoja kugawana vyombo. Msomaji, mtu hagombani kwa ajili ya televisheni ambayo haiwezi hata kupata kituo kimoja bila ya king'amuzi. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, sanduku lile lilikuwa meza ya maua. Lakini kakangu aliposema "Hii niliinunua mimi," nami nikajibu, "Ungelinunua dawa zake pia." Neno likishatoka halirudi. Alibeba televisheni yake hadi Nakuru. Mimi nilibeba mashine. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kutumiana salamu za Krismasi kwa simu, maneno manne na nukta.

Basi mwanangu aliposema, "Tuiwashe," sikumkataza.

Televisheni yetu ya sasa ni bapa kama ubao wa mkate, na nyuma yake haina shimo hata moja la waya za zamani. Alinunua kigeuzi kidogo kwa shilingi 1,200, kile cha kupokea waya wa manjano na kutoa HDMI. Picha ikaja. Nilitamani isingekuja.

Kwanza, bata walikuwa wanene. Kioo cha kale kilikuwa na upana wa nne kwa urefu wa tatu, na cha sasa ni kumi na sita kwa tisa, kwa hiyo kila kitu kilivutwa kando kama ngozi ya ngoma. Mwanangu alitafuta katika mipangilio akarudisha nne kwa tatu. Bata wakapona unene, lakini wakabaki na ukungu, na kila kilichokimbia kiliacha kivuli nyuma yake. Tena mchezo ulikuwa mzito. Ukibonyeza kitufe, mtu anaruka baada ya wewe kusahau kwamba umebonyeza.

Kisha nikashika bunduki. Nililenga bata akiwa mbele yangu kama kuku wa kununuliwa. Nikafyatua. Bata akapita. Nikasogea karibu, nikaegemea kama zamani, mdomo wa bunduki ukigusa kioo. Bata akapita. Mbwa akainuka nyasini akanicheka mbele ya mwanangu.

"Labda umezeeka, Mama," akasema.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Luthuli Avenue, bunduki ndani ya mfuko wa karatasi. Tulielekezwa kwa fundi mmoja wa makamo katika ghorofa ya pili, aliyezungukwa na televisheni zilizofunguliwa matumbo. Aliichukua bunduki kwa mikono miwili.

"Bunduki haina ubaya," alisema. "Mama, umeileta kwa kioo kisicho chake."

Nitajaribu kukueleza alivyotueleza, maana alieleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa fizikia. Televisheni ya kale ni tyubu kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa. Nyuma kabisa kuna kifaa kinachorusha elektroni hadi mbele, ambapo kioo kimepakwa unga unaong'aa ukigongwa. Mwale huo huchora picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, mara 50 kwa sekunde kwa mfumo uliotumika huku kwetu, na 60 kwa ule wa Marekani na Japani. Hakuna kungoja. Kinachofika kwenye waya kinachorwa papo hapo.

Bunduki yenyewe hairushi chochote. Ndani ya mdomo wake mna jicho. Ukifyatua, mashine inazima kioo chote kuwa cheusi kwa kitambo kisichofika kope kupepesa, kisha inachora mraba mweupe pale alipo bata. Jicho likiona weusi halafu weupe, bata amekufa. Likikosa kuona weupe kwa wakati wake, umekosa.

"Sasa kioo hiki kipya," fundi aliendelea, "kikiletewa picha hakiichori mara moja. Kinaipokea, kinaipima, kinaikuza, kinaipaka poda, ndipo kinakuonyesha. Mraba mweupe ukitokea, bunduki ilishakata kauli zamani. Na hata ungefika mapema, mwanga wake hauwaki kwa namna ambayo jicho hili lilifundishwa kuitambua."

Mwanangu akauliza kwa nini picha ilikuwa na ukungu, ilhali kioo kipya ni bora. Fundi akachukua kalamu. Picha nzima ya mashine yetu ina nukta 256 kwa upana na 240 kwa kimo, jumla 61,440. Televisheni ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili.

"Kila nukta moja inayoletwa na mashine, kioo kinatakiwa kijaze kama 34," alisema. "Ni kama mama aliyepika chakula cha mtu mmoja akaingiliwa na wageni 34. Atafanyaje?"

"Ataongeza maji kwenye mchuzi," nikajibu.

"Ndiyo huo ukungu."

Na vile vigeuzi vya bei nafuu huzidisha maji, kwa sababu vimetengenezewa matangazo ya televisheni, ambayo picha yake huletwa nusu nusu ili ziunganishwe. Mashine za kale hazileti nusu. Zinaleta picha kamili yenye mistari michache. Kigeuzi hakijui hilo. Kinangoja nusu nyingine isiyokuwapo, kinaunganisha visivyounganika, na wewe unapata kivuli na uzito.

Tulimwomba ushauri, naye akatupa njia tatu, ambazo nakupa nawe pia endapo una sanduku kama langu chini ya kitanda.

Ya kwanza ni kubaki na kioo bapa na kukitendea haki. Weka nne kwa tatu. Tafuta katika mipangilio ile hali ya michezo, ambayo huizuia televisheni kupaka poda nyingi, hivyo kuchelewa hupungua. Zima kila kinachojiita kulainisha picha. Kwa anayecheza mara moja kwa mwaka, hiyo inatosha.

Ya pili ni kigeuzi kilichotengenezwa mahsusi kwa mashine za kale, kama vile RetroTINK, kinachojua kwamba picha ni kamili na kukuza kila mstari bila ya kungoja. Picha hutoka safi kama sahani iliyooshwa. Lakini huagizwa ng'ambo na bei yake hupita ya mashine yenyewe mara kadhaa. Na bunduki? Bunduki itabaki pambo.

Ya tatu ni kutafuta televisheni ya mgongo. Fundi alikuwa nayo moja kwenye kona. Akachomeka mashine yetu, akanipa bunduki, akarudi nyuma. Nikafyatua. Bata akaanguka. Nikafyatua tena, akaanguka wa pili. Fundi na wateja wake wawili wakapiga makofi, na mwanangu akaniangalia kana kwamba ndiyo kwanza tunajulishwa.

Hata hivyo fundi hakuficha kasoro zake. Televisheni hizo hazitengenezwi tena kwa matumizi ya nyumbani, na kila moja ina siku zake. Ni nzito, ya inchi 21 usimwachie mtoto ainyanyue. Ndani ya tyubu ya rangi hupita umeme wa volti zaidi ya 20,000, na sehemu yake yaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo asiyekuwa fundi asifungue. Kioo chake kina madini ya risasi, na ndiyo sababu ni hatia kwa afya kuivunja na kuitupa jaani, mahali ambapo watoto huokota.

"Lakini waliochora michezo hii walikuwa wanatazama kioo hiki," alimaliza. "Walijua rangi zitalowana kidogo."

Mwanangu baadaye alinionyesha alichomaanisha. Katika Sonic, mchezo wa Sega wa mwaka wa 1991, kuna maporomoko ya maji yaliyochorwa kwa mistari ya wima tu, mmoja upo, mmoja haupo. Kwa kioo kipya unaona nondo za dirisha. Kwa kioo cha kale, kwa waya wa manjano, mistari inayeyukiana na unaona maji, na nyuma ya maji unaona mwamba. Kasoro ya kioo ilikuwa imo ndani ya hesabu.

Fundi alitaka shilingi 3,000 kwa televisheni yake. Nilikuwa nimeshafungua mkoba alipouliza, "Na kwenu hakuna iliyobaki? Watu wengi wanayo stoo hawajui."

Nilinyamaza. Mwanangu hakunyamaza.

"Ipo kwa mjomba."

Nilifunga mkoba. Njia nzima hadi nyumbani hatukusema neno.

Nikiri jambo moja. Aprili 29, maji yaliposomba watu na nyumba huko Mai Mahiu, nilishika simu asubuhi ile nikatafuta jina la kakangu. Hupitia njia hizo kwa biashara yake. Kidole kilikuwa juu ya jina. Kisha nikaiweka simu mezani, nikamwambia mwanangu amwulize mjomba wake kama wako salama. Walikuwa salama. Lakini usiku huo sikulala, kwa sababu nilijiona: mtu ambaye angeweza kumpoteza ndugu yake na bado asipige simu.

Sasa nilikuwa na sababu ya kijinga ya kupiga, na pengine sababu ya kijinga ndiyo iliyohitajika. Nilipiga usiku ule ule.

"Kaka."

Kimya. Kisha: "Kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Ile televisheni ya Mama bado unayo?"

Kimya kirefu zaidi. "Unataka nikurudishie?"

"Hapana. Nataka kujua kama inawaka."

"Wifi yako ametaka kuitupa mara tatu," alisema. "Sikumruhusu." Akanyamaza tena, kisha akauliza kwa sauti niliyoijua tangu nina miaka tisa: "Bunduki ipo?"

Tulisafiri Ijumaa, Mei 10, siku ambayo serikali ilitangaza mapumziko ya kuwaombolezea waliokufa katika mafuriko na kupanda miti. Mashine niliibeba mapajani njia nzima. Wifi alitupokea kwa chai, watoto wao wakaning'ang'ania, "Shangazi! Shangazi!", nami nikaona jinsi walivyorefuka na nikaona aibu.

Televisheni ilikuwa imeshapanguswa na kuwekwa sebuleni. Kona moja ya kioo ilikuwa na doa la zambarau, kwa kuwa stoo ilikaa ubavuni mwa spika kubwa na sumaku yake ikaizoea. Kakangu aliiwasha, akaizima, akangoja, akaiwasha tena, kwa maana televisheni hizi hujisafisha sumaku zinapowashwa. Doa lilififia. Ghafla watoto wote watatu wakaziba masikio.

"Baba, ni nini hicho kinacholia kama mbu?"

Mimi na kakangu tulitazamana. Hatukusikia kitu. Ni mlio wa televisheni yenyewe inapochora mistari yake, 15,625 kwa sekunde, mwembamba mno kwa masikio yaliyokwisha kula chumvi. Zamani tuliusikia tukiwa bado ngazini, tukajua Baba amewasha, tukakimbia.

"Tumezeeka, dada," kakangu akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita dada kwa miaka mitatu.

Nilipiga wanane. Yeye watano. Hakuna aliyehesabu kwa sauti, lakini nilijua sote wawili tulikuwa tukihesabu.

Usiku watoto walipolala ndipo tulipozungumza. Sitayaanika yote. Nitasema tu kwamba mwaka ule Mama alipolazwa, biashara ya kakangu ilikuwa imeanguka kwa sababu ya korona, na alikuwa ameuza pikipiki na kumpa Mama pesa mkononi, naye Mama akamwomba asiniambie, eti nisije nikajua mambo yake yameharibika. Mimi nilikuwa nimeona risiti zangu tu. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, alisema, "Nami ningekupigia." Kwa mtu kama kakangu hayo ni mengi.

Tulipoondoka siku ya Jumapili, niliiacha mashine juu ya televisheni ile, pedi zimefungwa kwa mpira mpya. Mwanangu alinung'unika hadi Naivasha.

"Ungenunua ile ya fundi, Mama. Tungekuwa na yetu."

Ni kweli, msomaji. Kwa anayetafuta kioo cha mashine yake ya kale, njia ni zile tatu nilizokupa, na kila mtu achague kwa mfuko wake na kwa mchezo wake. Kama una bunduki, hakuna ujanja, tafuta ya mgongo. Lakini kabla ya kufungua mkoba, uliza kwanza katika ukoo wenu. Huenda ipo stoo kwa mtu ambaye hujampigia simu siku nyingi.

Sisi tunarudi Nakuru likizo ijayo. Kakangu ananiambia anafanya mazoezi.